Mabango ya zamani ya uchaguzi Ujerumani: maneno nayaelewa ila maana inanipita

Mdadisi_Picha

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa yeyote aliyesoma historia ya Ujerumani, au anayejua kile Kijerumani wanachoongea watu wenyewe, sio cha kamusi. Nina kama miezi mitatu najifunza hiyo lugha na njia niliyojipangia ni kusoma mabango ya zamani ya uchaguzi, maana maneno ni machache na picha inasaidia, sasa nimekwama. Neno moja moja nalijua, sentensi naitafsiri vizuri tu, alafu nikimaliza nabaki nashangaa, hiki kitu kilimwambia nini mtu aliyekuwa anapita barabarani siku hiyo?

Mfano chama cha FDP, waliberali, mwaka 1969 waliandika "Wir schneiden die alten Zöpfe ab", mi napata "tunakata misuko ya zamani", misuko ya nywele kabisa! Misuko ya nani? Alafu CDU, chama cha wahafidhina wa Kikristo, 1957, lile la Adenauer aliyekuwa mkuu wa serikali, "Keine Experimente!", yaani "hakuna majaribio", basi, maneno mawili, hakuna ahadi hata moja, na kila ninakosoma wanalitaja kama bango la kampeni maarufu kuliko yote ya nchi ile. Chama hicho hicho mwaka 1953 kina lingine lenye macho ya kutisha, "Alle Wege des Marxismus führen nach Moskau", njia zote za Umaksi zinaelekea Moscow. Hapo nikajiuliza mbona wanawashambulia wakomunisti wakati mpinzani wao mkubwa alikuwa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia?

La mwisho ndo linaninyima usingizi. Ni la SPD, mfanyakazi amefungwa juu ya swastika kama mtu aliyesulubiwa, na maandishi "Der Arbeiter im Reich des Hakenkreuzes". Nakala niliyonayo haina mwaka. Nina lingine pia lenye mishale mitatu mikubwa, ile mishale nadhani ni alama ya wakomunisti. Mnifundishe namna ya kuyasoma haya mambo, sitaki tu kuambiwa tafsiri.

Kalamu_Risasi

Nianze na misuko maana ndo nyepesi. Karne ya 18 wanajeshi wa Prussia walikuwa wanafuga nywele na kuzifunga msuko mmoja nyuma ya kichwa, ilikuwa ni sehemu ya unadhifu wa askari. Mtindo ule ulipokufa neno likabaki, mpaka leo Mjerumani akisema "alter Zopf" anamaanisha desturi au utaratibu uliopitwa na wakati ambao watu wanaendelea nao kwa mazoea tu. Kwa hiyo hapo FDP wanasema "tunafutilia mbali yaliyopitwa na wakati". Na angalia mwaka, 1969, wanafunzi wametoka kuandamana mwaka mzima uliotangulia, ukansela, yaani ukuu wa serikali, uko mikononi mwa CDU tangu 1949, na FDP wako nje ya serikali tangu 1966. Wanataka kura za vijana. Walipata asilimia 5.8 tu lakini zilitosha kuingia serikalini na SPD na Willy Brandt akawa Kansela.

Kwa hiyo mkuu ukikuta neno la ajabu kwenye bango la Kijerumani, kabla ya kushangaa angalia kwanza kama sio nahau.

Mama_Jalada

Mwanangu Mdadisi nimependa swali lako, hasa pale uliposema mtu aliyekuwa anapita barabarani, maana hapo ndo pa kuanzia. Mimi mabango haya nimeyasoma miaka mingi na ninachokiamini ni kwamba bango la uchaguzi ni nusu ya mazungumzo. Wewe unasikia upande mmoja tu, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta mwenzake yuko kwenye simu. Ukitaka kuelewa tafuta lile swali ambalo bango linalijibu, alafu uliza nani anaongea na anaongea na nani. Kamusi haiwezi kukupa hayo.

Tuchukue "Keine Experimente!" kwa utulivu kabisa. Karatasi imejaa uso wa Konrad Adenauer, uso umechorwa, macho ya bluu, ngozi ina rangi ya mtu mwenye afya, na mzee mwenyewe wakati ule ana miaka 81. Sasa fikiria anayelitazama ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Mwaka 1923 aliona pesa ya wazazi wake inageuka makaratasi. Akaona jamhuri inaanguka, akaona Hitler, vita, miji imelala chini, mwaka 1948 pesa ikabadilishwa tena na akiba ikayeyuka mara ya pili. Maisha yake yote watu wamekuwa wakimfanyia majaribio! Kwa mtu huyo neno "Experimente" halina uhusiano wowote na maabara, kwake lina maana ya njaa. Alafu mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi, mwishoni mwa 1956, vifaru vya Kisovieti vimeingia Hungary kuzima maasi, na huku nyumbani mageuzi ya pensheni ya 1957 yamewaongezea wazee kipato chao kwa kiasi kikubwa, pesa wamezishika mkononi miezi michache kabla ya kupiga kura. SPD wao wanapinga mfumo wa NATO ambao nchi imejiunga nao 1955. Kwa hiyo swali lililokuwa hewani ni "tubadilishe mwelekeo?" na bango linajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Na tazama sarufi yake. Hakuna kitenzi. Hakuna "tunaahidi", hakuna "pigia kura". Ukilisoma kwa sauti unaweza kudhani Adenauer anakuamuru, na unaweza pia kudhani ni wewe mwenyewe unajisemea moyoni, yote mawili yanawezekana na nadhani ndo maana lilikuwa na nguvu. CDU na ndugu zao wa CSU wakapata asilimia 50.2 ya kura, na hakuna kundi lingine lolote lililowahi kuvuka nusu ya kura za uchaguzi wa bunge la shirikisho.

Sasa lile la 1953. Umeuliza mbona wanawapiga wakomunisti, soma tena neno lililotumika, wameandika "Marxismus", hawakuandika ukomunisti. Hapo ndo penye kisu. SPD wakati ule bado kilikuwa chama chenye mizizi ya Marx, walikuja kuachana nayo rasmi kwenye mkutano wa Godesberg mwaka 1959. Wakomunisti wenyewe walikuwa chama kidogo tu, hawakumtisha mtu kwenye sanduku la kura. Kwa hiyo kwa kuchagua neno "Marxismus" CDU wameiweka SPD na Moscow kwenye kapu moja bila kuitaja SPD hata mara moja. Na lile neno "Alle", zote, ndo linafunga mlango, SPD hawezi kusema "yangu ni njia tofauti" kwa sababu ameshaambiwa zote ni moja. Picha nayo inasema hivyo hivyo, mistari inatoka chini kwako inakwenda kukutana mbele, na pale inapokutana kuna kichwa chenye kofia ya nyundo na mundu kinakuchungulia. Unaanza wewe kwenye mstari wowote, unaishia machoni pake. Uchaguzi ulikuwa Septemba 6, na Juni 17 mwaka ule ule wafanyakazi wa Ujerumani Mashariki waliandamana wakazimwa na vifaru vya Kisovieti. Msomaji alikuwa bado ana picha hizo kichwani.

Hata kumchora adui mwekundu hawakukuanza wao. Mwaka 1919 chama cha Bavaria cha BVP kilitoa bango la Bolsheviki anayezunguka nchini na kutaka afukuzwe siku ya kura. Woga ule ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya thelathini CDU walipouchukua.

Nikipata nafasi nitarudi kwenye la msalaba, hilo linahitaji muda.

Fundi_Herufi

Mama hapo umemaliza kwenye maneno, ila naomba niongezee upande wa picha maana mimi kazi yangu ni uchapaji na naamini mtu barabarani anaona umbo kwanza, maneno yanafuata, wengine wala hawasomi.

Mdadisi tafuta bango la wakomunisti, KPD, la uchaguzi wa Mei 1928, alilitengeneza John Heartfield. Ni picha ya mkono mmoja wa mfanyakazi, mchafu wa kazi, vidole vimetanuliwa vinakujia usoni kama vinataka kukukamata shati. Chini "5 Finger hat die Hand, mit 5 packst Du den Feind!", mkono una vidole 5, kwa 5 unamkamata adui. Mtu anaweza kudhani ni shairi tu la kupendeza kumbe hiyo 5 ni namba ya orodha yao kwenye karatasi ya kura, Liste 5! Ukiondoka pale umebeba namba mwilini mwako, siku ya kura ukiangalia mkono wako unakumbuka. Mimi kila nikiliona hili nasimama, hakuna rangi za kuvutia, hakuna kiongozi, hakuna bendera, mkono basi, na umeshajua chama kinaongea na nani maana tajiri hana mkono wa hivyo.

Miaka minne baadaye, 1932, Wanazi nao walitoa lile jeusi tupu, kichwa cha Hitler kinaelea gizani na chini jina lake, hakuna neno lingine lolote. Wengi wakiliona wanasema ubunifu, mi naona hatari yenyewe iko wazi pale, hakuna sera, hakuna chama, hakuna sababu, kuna mtu mmoja na giza limemzunguka.

Na jambo moja watu wanakosea sana, wakiona zile herufi za zamani zilizovunjika vunjika, Fraktur, wanasema hilo ni la Kinazi. Hapana. Fraktur Wajerumani waliitumia karne na karne, vyama vyote walikuwa nayo, magazeti, Biblia, na ni Wanazi wenyewe walioipiga marufuku mwaka 1941. Na hilo jeusi ninalosema jina lake halikuandikwa kwa Fraktur. Kwa hiyo herufi peke yake isikupe jibu.

Mdadisi_Picha

Aisee nimekaa kusoma hizi posti mara mbili mbili. Mama Jalada shikamoo, na asante sana, sikuwahi kufikiria kukosekana kwa kitenzi kuwa ni jambo. Fundi nimelipata lile la mkono, kweli nilikuwa nimeshaliona nikadhani 5 ni mapambo.

Sasa kuna kitu, hiyo namba ya orodha. Lile la SPD la msalaba chini limeandikwa "Liste 1 Sozialdemokraten" na lile la mishale mitatu limeandikwa "Liste 2", pia SPD, kumbe sio la wakomunisti! Inakuwaje chama kimoja namba mbili tofauti?

Fundi_Herufi

Hapo umeshika uzi wenyewe mkuu. Namba zilifuata ukubwa wa vyama kwenye bunge linalomaliza muda wake. Ndo maana zinabadilika na ndo maana ni nzuri sana kwa kutafuta mwaka. Wanazi mwaka 1930 ni Liste 9, Julai 1932 ni Liste 2, Novemba 1932 ni Liste 1, yaani ukizipanga tu hizo namba unaona nchi inavyoteremka bila kusoma sentensi hata moja.

Mama_Jalada

Nimerudi. Kwanza mishale. Ile ni alama ya Eiserne Front, muungano uliozaliwa Desemba 1931 wa SPD, vyama vya wafanyakazi, vilabu vya michezo vya wafanyakazi na jumuiya ya Reichsbanner iliyokuwa inailinda jamhuri. Aliyeibuni ni mtaalamu mmoja Mrusi, Sergei Chakhotin, na uzuri wake ni kwamba mtu yeyote mwenye chaki anaweza kupita usiku akakuta swastika ukutani akaipiga mistari mitatu juu yake na imekufa, haihitaji fundi. Bango lako la Liste 2 lisome vizuri, limeandikwa "Gegen Papen, Hitler, Thälmann", dhidi ya Papen (Kansela wa wakati huo), Hitler na Thälmann. Thälmann ndo alikuwa kiongozi wa wakomunisti! Kwa hiyo hiyo mishale inawapiga wakomunisti vilevile, nao wakomunisti wakati huo walikuwa wanawaita SPD "wafashisti wa kijamii". Hili mimi linaniuma kila nikilitazama, kwa sababu ni bango la Novemba 1932, miezi mitatu kabla Hitler hajawa Kansela, na watu wa pande hizo mbili baadaye walikutana kwenye kambi zile zile.

Sasa la msalaba. Kwa Kiswahili tunasema swastika na neno halituambii kitu. Mjerumani anasema "Hakenkreuz", Haken ni ndoano au kulabu, Kreuz ni msalaba. Neno msalaba limo ndani, analisikia kila anapolitamka. Mchoraji amechukua neno lenyewe la Wanazi akalifanya likiri, mnajiita msalaba, basi huyu hapa mtu mliyemsulubisha. Angalia mwili wake ulivyopinda kufuata zile pembe, msalaba wa kawaida mtu ananyooka, huu unamvunja. Alafu "Reich", dola au ufalme, Wanazi walikuwa wanaahidi Reich mpya, na bango linasema huo ufalme mtakaoishi ndo huu. Na tena "Arbeiter". Chama cha Hitler kilijiita chama cha wafanyakazi, neno Arbeiter limo kwenye jina lake rasmi. Kwa hiyo maneno yote matatu, mfanyakazi, Reich, msalaba, yametolewa mdomoni mwa adui na kurudishwa kwake.

Ukitaka kujua lilikuwa linajibu nini liweke pembeni ya bango la Wanazi la mwaka huo huo, "Unsere letzte Hoffnung: Hitler", tumaini letu la mwisho. Mchoraji alijiita Mjölnir. Karatasi nzima ni nyuso, zimekonda, zimechoka, rangi hakuna. Watu zaidi ya milioni 6 walikuwa hawana kazi mwanzoni mwa 1932. Tazama nani anaongea pale, "unsere", letu. Chama hakijaahidi kitu, umati ndo unaongea, na wewe usiye na kazi umesimama mbele ya ukuta unaiona sura yako mle ndani. Na "letzte", la mwisho, maana yake wengine wote tumeshawajaribu. Ukiniuliza mimi, SPD walikuwa na picha yenye ukweli zaidi lakini ile nyingine ilimkuta mtu kwenye njaa yake. La SPD linamwonya juu ya mateso yajayo, na mtu yule alikuwa anateseka tayari.

Kalamu_Risasi

Mama umenigusa hapo mwisho.

Niongeze mawili ya karibuni kidogo kwa ajili ya hii hoja ya bango kujibu kitu. Chama cha Kijani mwaka 1990, uchaguzi wa kwanza baada ya Ujerumani kuungana, waliandika "Alle reden von Deutschland. Wir reden vom Wetter", wote wanaongelea Ujerumani, sisi tunaongelea hali ya hewa. Ukilisoma peke yake unaona watu hawana habari. Kumbe linajibu tangazo la reli la 1966, treni kwenye theluji, "Alle reden vom Wetter. Wir nicht", wote wanaongelea hali ya hewa, sisi hapana, yaani treni zetu hazijali theluji. Mwaka 1968 wanafunzi wa SDS walichukua maneno yale yale wakaweka vichwa vya Marx, Engels na Lenin. Kijani wakaligeuza mara ya tatu, wao walikuwa wanamaanisha tabianchi. Kwa anayejua historia hiyo ni kazi nzuri sana, ila mwezi ule mtu wa kawaida alikuwa analia kwa furaha nchi imekuwa moja, Kijani wa magharibi wakapata 4.8 wakakosa bunge.

Lingine la CDU 1994, soksi nyekundu imetundikwa kwenye kamba, "Auf in die Zukunft... aber nicht auf roten Socken!", twende kwenye siku zijazo ila sio kwa soksi nyekundu. "Rote Socke" lilikuwa jina la mkomunisti sugu, na Wajerumani kushika njia wanaita "kujitia kwenye soksi", kwa hiyo nahau mbili ndani ya mstari mmoja. Angalia kibanio kinachoshika hiyo soksi, ni cha kijani! Mwaka ule Saxony-Anhalt iliundwa serikali ya SPD na Kijani iliyosimama kwa kuvumiliwa na PDS, warithi wa chama tawala cha zamani cha mashariki. Kibanio kidogo vile kimebeba habari nzima. PDS wao wakazichukua soksi wakazifanya nembo yao na wakarudi bungeni kwa viti vinne vya majimbo ya Berlin.

Mdadisi_Picha

Wakuu nimekaa nayo usiku kucha na nimejaribu mwenyewe, nisahihisheni nikikosea.

La msalaba lina Liste 1. SPD walikuwa Liste 1 mwaka 1928, 1930 na Julai 1932, sivyo? 1928 Wanazi walikuwa na asilimia 2.6 tu, hakuna mtu angewatengenezea bango zima. Nikaangalia pembeni kabisa kwa kukuza picha, nikaiona mishale mitatu midogo, na Eiserne Front imezaliwa Desemba 1931. Kwa hiyo 1930 nayo inaondoka. Inabaki Julai 1932.

Mama_Jalada

Ni Julai 1932 mwanangu. Uchaguzi wa tarehe 31, Wanazi wakapata 37.3. Andika nyuma ya nakala yako kwa penseli, usitumie kalamu ya wino.